Sauti Inayosikilizwa Mara Tatu

Saa kumi na mbili na robo jioni mwalimu anatandika khanga kuukuu juu ya meza ya chakula. Juu ya khanga anaweka simu yenye ufa kwenye kioo, kaunta buku ya kwaya tatu, kalamu mbili, moja nyekundu na moja ya kijani, na iyafoni ambayo sikio lake la kushoto lilishakufa siku nyingi. Nikadhani khanga ni urembo wa kumpokea mgeni. Kumbe meza ikiwa tupu, simu ikiguswa hutoa mlio, mlio unaingia kwenye sauti anayorekodi, na mtoto anayesikiliza upande wa pili anaweza kudhani kile kishindo ni sehemu ya neno. Nilicheka. Yeye hakucheka.

Tuko Mwendakulima, kata iliyopakana na uliokuwa mgodi wa Buzwagi, kilomita chache kutoka Kahama mjini. Ukitoka barazani unaviona vilima vya kifusi vilivyobaki baada ya mgodi, vimekaa kama vilima vya kawaida ila vimenyooka mno kuwa vya Mungu. Mgodi ulianza kuzalisha dhahabu mwaka 2009, ukasitisha mwaka 2021, na sasa eneo lake limetengwa kuwa ukanda maalumu wa kiuchumi. Ndani ya uzio kampuni ya Barrick imefungua chuo cha kuwanoa wasimamizi wa migodi yake. Nje ya uzio, saa hiyo, watoto walikuwa wanarudisha mbuzi.

Mwalimu ameniomba nisiandike jina lake wala la shule yake, na sababu aliyonipa ilikuwa funzo langu la kwanza la jioni ile. Wazazi waliompa namba zao za simu walimpa yeye. Hawakunipa mimi.

Anafundisha Kiingereza kidato cha kwanza. Watoto wake wamekua wakisema Kisukuma, Kisumbwa au Kinyamwezi nyumbani, wamesoma miaka saba kwa Kiswahili, halafu Januari moja wanaingia sekondari na kukuta Jiografia ni Kiingereza, Baiolojia ni Kiingereza, hata adhabu ubaoni imeandikwa kwa Kiingereza. Watoto wa Tanzania nzima hupita hapo. Lakini huku Buzwagi lugha hiyo ina historia yake. Jina la Buzwagi lilisambaa nchini mwaka 2007, kabla mgodi haujaanza kazi, pale mbunge Zitto Kabwe alipouhoji Bungeni mkataba uliotiwa saini London na Nazir Karamagi, waziri wa nishati na madini wa wakati ule. Zitto akasimamishwa vikao vya Bunge, na kabla mwaka haujaisha Rais Kikwete akaunda kamati ya Jaji Mark Bomani kuipitia sekta ya madini. Mkataba ulikuwa wa Kiingereza. Watu wazima wa hapa wanalikumbuka hilo, na ndiyo sababu mzazi ambaye hajui hata neno moja la lugha hiyo anakubali kumwachia mtoto simu yake dakika 45 kila jioni.

Darasani kipindi ni dakika 40. Ukigawa kwa idadi ya watoto, kila mmoja anapata nafasi ya kusema sentensi moja kwa wiki, akijaliwa. Na hiyo moja haisemi, maana akikosea darasa linalipuka. Mimi mwenyewe, katika shule ambayo sitaitaja, nilivishwa kibao shingoni kwa kusema Kiswahili kwenye foleni ya uji. Nilichojifunza siku ile ni kunyamaza, na nilijifunza vizuri sana, kwa miaka minne.

Mwalimu aliona kwamba watoto hawa wanaokaa kama mawe darasani wakifika nyumbani wanachukua simu za wazazi, wanatazama video, wanachati na watu wasiowajua, wanaandika “hello dear” kwa yeyote. Mdomo wanao. Akawafuata walipo.

Hakuanza na simu. Alianza na kikao cha wazazi, chini ya mwembe wa shule, na karatasi moja ya Kiswahili iliyochapwa. Karatasi ilisema kundi la WhatsApp litaundwa kwa namba za wazazi wenyewe, kwa kuwa mwanafunzi haruhusiwi simu shuleni na yeye hatamtafutia mtoto simu. Ilisema kazi itafanyika jioni tu, nyumbani, mzazi akiwa karibu kiasi cha kusikia. Ilisema mwalimu hatachati na mtoto faraghani, hata kwa jambo dogo la kuuliza kazi ya nyumbani: kila neno litapita kwenye kundi, na kwenye kundi kuna mwalimu wa pili na mzazi mmoja aliyechaguliwa na wenzake. Ilitaja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 kwa mstari mmoja tu, kisha ikaeleza kwa lugha ya nyumbani kwamba sauti ya mtoto ni mali ya mtoto, kama jina lake. Kikao kilichukua jioni tatu. Baba mmoja alirudi mara zote tatu na swali lile lile, na mara zote tatu alijibiwa kana kwamba ndiyo kwanza ameuliza.

Baada ya hapo ndipo simu ikashikwa. Nilimwomba anionyeshe namna kundi linavyofungwa, akanionyesha kwa mwendo wa fundi saa. Kidole kinaingia kwenye mipangilio. Kwanza, wanachama wapya hawaingii mpaka admini aidhinishe. Pili, jina na picha ya kundi havibadilishwi na mwingine; picha ni ya kalamu, haina sura ya mtu wala jengo la shule. Tatu, wanaoweza kutuma ujumbe ni maadmini tu, na swichi hiyo yeye huifungua saa moja na nusu usiku na kuifunga saa mbili na robo. Halafu kuna mambo ambayo hayamo kwenye simu yake bali kwenye simu za wazazi, na hayo aliyafanya kwa mkono, simu moja baada ya nyingine, wazazi wakiwa wamepanga foleni: kuweka namba ya siri ya tarakimu sita, kuficha picha ya wasifu kwa wasiojulikana, kuzuia watu baki wasiwaingize kwenye makundi yao, na kuzima upakuaji wa picha unaojiendesha wenyewe, ambao hula bando mtu amelala.

Kulikuwa na jambo moja lililomshinda. WhatsApp tangu Desemba 2023 inakuruhusu kutuma sauti inayosikika mara moja tu, kisha inapotea. Alifurahi, akaijaribu. Baada ya jioni mbili akaiacha. Sauti ya mara moja haiibiwi kirahisi, lakini pia haifundishi: mtoto hawezi kujirudia kujisikiliza, na yeye hawezi kusikiliza mara tatu. Akarudi kwenye sauti za kawaida na kuziegemeza juu ya ahadi. Hapo palikuwa na hatari, na aliijua, kwa sababu kundi lake la kwanza kabisa lilivunjika kwa hilo hilo. Mtu alichukua sauti ya msichana mmoja aliyesema neno vibaya, akaifowadi, ikafika stendi, wapiga debe wakaigeuza utani wa wiki nzima. Msichana yule hakusema tena Kiingereza mwaka ule. “Niliweka kufuli mlangoni,” mwalimu aliniambia, “nikasahau kuwaambia waliomo ndani.”

Ndiyo maana kwenye kundi la sasa hakuna majina. Kila mtoto amejichagulia ndege. Kuna Korongo, Kanga, Tai, Mbayuwayu, Njiwa wawili waliogombana mpaka mmoja akakubali kuwa Hua. Akituma sauti mtoto huanza na “This is Korongo,” na hata sauti ikitoroka, inatoroka na jina la ndege. Picha zinazotumwa ni za vitu au mikono. Uso hapana, sare ya shule hapana, mlango wa nyumba hapana. Sheria hizi ziko tano, zimeandikwa kwa Kiingereza cha maneno manne manne, na somo la kwanza la mwaka lilikuwa kuzisoma. Mtoto akijua kusema “No faces, no uniforms” amejifunza wingi na amejifunza usalama kwa pumzi moja. Wala hajui kwamba amefundishwa vitu viwili.

Sasa ni saa kumi na mbili na nusu na anaandika. Hafundishi kwa kubahatisha. Sentensi ya jioni huandikwa kwanza kwenye kaunta buku, inasomwa kwa sauti, inakatwa, inaandikwa tena. Usiku ule somo lilikuwa ratiba ya siku, lile lile tulilosoma sisi kidato cha kwanza: naamka, naoga, naenda shule. Alianza na sentensi ya maneno kumi na mbili, akaishia na ya maneno sita. Niliuliza kwa nini sita. Alisema mtoto akisikiliza kwa spika ya simu janja ya bei ndogo, jikoni, sufuria inachemka na mdogo wake analia, maneno sita ndiyo yanayofika. La saba linaanguka.

Anaingia chumba cha kulala, anafunga dirisha, anakaa sakafuni kati ya kitanda na kabati la nguo, maana nguo hunyonya mwangwi. Anabonyeza alama ya kinasasauti, anaisukuma juu mpaka ijifunge, anaweka simu shibiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi isipulize. Anasema sentensi. Ananyamaza. Niliuhesabu ukimya ule: sekunde nne. Anasema sentensi mara ya pili, polepole zaidi. Ukimya tena, mrefu kuliko wa kwanza. Anasema mara ya tatu kwa kasi ya kawaida ya watu wanaoongea. Anasitisha, anajisikiliza kabla ya kutuma, anafuta. Jogoo. Anarudia. Anafuta, hakupenda namna alivyolimeza neno la mwisho. Mara ya tano ndiyo iliyotumwa, na ilikuwa na urefu wa sekunde 32. Zile sekunde nne tupu ndizo alizozihangaikia kuliko maneno, kwa sababu hapo ndipo mtoto anasema peke yake jikoni, hakuna anayemsikia ila sufuria.

Kumbuka pia kwamba wiki mbili za kwanza za mwaka hakuna mtoto aliyetakiwa kusema lolote. Wanasikiliza, wanatuma dole gumba, basi. Wiki ya tatu wanatuma neno moja. Wiki ya tano ndipo inakuja sentensi, na anayetaka kubaki kwenye dole gumba anabaki. Mwalimu mwenzake alimwambia anapoteza muda. Huenda, mtaala hausubiri na mitihani ya kidato cha pili haina dole gumba. Lakini nilisikia sauti za mwezi wa sita na sauti za darasani za wiki ile ile, za watoto wale wale, na za simu ndizo zilizokuwa na sentensi zinazofika mwisho.

Saa moja na nusu kamili anafungua swichi. Kwa dakika mbili hakuna kitu. Halafu zinaanza, kama mvua ya kwanza kwenye bati: Kanga sekunde tano, Tai sekunde nane, Hua sekunde tatu. Nyuma ya kila sauti kuna nyumba nzima. Kuna kuku, kuna redio, kuna lori linalopanda mlima kuelekea Rwanda kwa barabara ile kuu ya Isaka na Ushirombo. Kisha Korongo: “This is Korongo. My mother he wakes up at eleven o'clock.”

Mwalimu anavaa iyafoni, sikio la kulia. Anasikiliza mara ya kwanza akiwa amefumba macho, na hashiki kalamu. Ya kwanza ni ya kusikia mtoto amesema nini. Anasikiliza mara ya pili na kalamu ya kijani, anaandika kilichokaa sawa: Korongo ameweka “s” kwenye “wakes”, jambo ambalo Agosti hakuwa nalo. Mara ya tatu anashika nyekundu. Nyekundu ina haki ya alama moja tu kwa mtoto mmoja kwa usiku mmoja. Hiyo ni sheria yake ya zamani kuliko simu.

Hapa palikuwa na makosa mawili na ilibidi achague. La kwanza ni “he” kwa mama. Kiswahili chetu hakijali. “Yeye” ni mama, baba, na mwenye duka, na Kisukuma nacho hakitofautishi. La pili ni saa. Mama wa Korongo huamka saa kumi na moja alfajiri, mtoto akaipeleka ilivyo, kumi na moja ikawa “eleven”. Siku yetu inaanza jua linapochomoza, ya Waingereza inaanza usiku wa manane, na katikati yake kuna saa sita ambazo zimewaangusha watu wengi wenye digrii. Mwalimu alichagua saa. Kosa linalopotosha maana ndilo la leo, alisema. Lile jingine maana inaeleweka, linaweza kulala.

Lakini hakumwambia Korongo kwamba amekosea. Alirekodi kwa sauti ya mtu aliyeshangaa kwa dhati: mama anaamka saa tano mchana? Anafanya kazi zamu ya usiku? “She wakes up at eleven? Does she work at night?” Kisha akakaa kimya, mikono juu ya khanga. Sauti ya Korongo iliporudi, kabla mtoto hajasema neno, ilisikika sauti ya mwanamke kutoka mbali: “Mwambie mwalimu mimi silali mpaka saa tano, mimi!” Kundi zima likaipata. Hua alituma kicheko. Mama yule hajui Kiingereza. Mtoto alikuwa amemtafsiria swali la mwalimu, na katika kulitafsiri alikuwa ameona mwenyewe kwamba saa hazikulingana. Jaribio la pili lilisema “five o'clock in the morning”. Lilisema pia “he”, kama awali.

Mwalimu akatuma picha ya saa aliyoitengeneza kwa mfuniko wa ndoo. Duara la ndani lina namba za Kiswahili kwa wino wa bluu, duara la nje lina namba za Kiingereza kwa wino mweusi, na mishale miwili ya kadibodi imeshikwa na pini ya bango. Hakutuma maelezo yoyote. Katika maneno yake yaliyofuata alimtaja mama wa Korongo kwa “she” mara mbili, bila kukaza sauti, akaliacha lijifikishe.

Nilipekua ukurasa wa Korongo kwenye kaunta buku. Tarehe zimeshuka kama ngazi, na kando ya nyingi kuna “he” ndogo nyekundu, tangu Aprili. Mimi ningekata tamaa Mei. Alama ya karibuni zaidi, ya siku nane kabla, imeandikwa “he… she” na imezungushiwa kijani: siku hiyo mtoto alijikwaa, akajisikia, akajirudi mwenyewe. Siku nane baadaye tuliyoyasikia tumeyasikia. Mwalimu hakuonekana kushtuka. Alisema kosa halifi siku linaposahihishwa, hurudi kuaga mara nyingi.

Kuna kurasa nyingine ambazo ningeweza kukaa nazo usiku kucha. Ukurasa wa “lend” na “borrow”, maneno mawili yanayogombania kitenzi chetu kimoja cha kuazima. Ukurasa wa “load” na “road”, kwa ajili ya watoto ambao l na r huwachanganya mdomoni, ambapo amewachorea ulimi: kwa l ncha inagusa nyuma ya meno, kwa r inaning'inia hewani haigusi kitu. Barabara ipo nje, malori yapo na mizigo juu. Hakuhitaji mfano kutoka mbali.

Alhamisi huwa ni siku ya kusoma. Kwenye simu za huku hupita matangazo ya kazi za migodini yaliyoandikwa kwa Kiingereza cha haraka haraka, na mengi ni ya matapeli. Mwalimu hatumi tangazo lenyewe, asije akalisambaza. Analitunga la kwake, lenye namba ya sifuri tupu: mpendwa mwombaji, umechaguliwa, tuma elfu 25 za vipimo vya afya, haraka. Kisha anawauliza maswali matano ambayo kila mtihani wa ufahamu unayo: nani, nini, lini, wapi, kwa nini. Nani anaandika? Ofisi iko wapi? Kitenzi gani kinakuamuru? Alhamisi moja watoto walichambua kwa dakika ishirini. Mbayuwayu alituma sentensi ambayo nimeinakili kama ilivyokuja: “He say urgent but he not say where.” Mtu wa mtihani angempa sifuri. Mwalimu alichukua kalamu ya kijani, akaipigia mstari yote, mwanzo hadi mwisho, na nyekundu hakuigusa usiku ule. Mwishoni aliandika namba mbili kwa tarakimu kubwa: 15040, ya kutolea taarifa za ujumbe wa kitapeli, na 116, ya huduma ya simu kwa mtoto, ambayo kupiga ni bure.

Lipo somo moja ambalo halina sentensi. Mtu asiyejulikana akikuandikia “hello dear”, unajibu nini? Watoto walikuja na majibu mazuri, yenye nyakati sahihi, mengine ya adabu na mengine ya kejeli. Mwalimu aliyehangaika miezi minane kuwafungua midomo aliwaambia kwamba hapo hakuna jibu la Kiingereza. Onyesha mtu mzima. Hilo nalo walifanya mazoezi: kila mtoto alimpelekea simu mtu mzima wa nyumbani, na mtu mzima akatuma dole gumba.

Wapo wanaofanya kazi ya namna hii kwa ukubwa ambao yeye hana. Faraja Nyalandu alianzisha Shule Direct mwaka 2013, na masomo yake ya sekondari huwafikia wanafunzi wa nchi nzima kupitia mtandao. Mwalimu wa Mwendakulima huwatuma watoto huko wakitaka notisi za Baiolojia. Yake ni sauti 33, na hataki 34, maana amepima: sauti 33 zikisikilizwa mara tatu zinamfikisha saa tano kasoro usiku, na asubuhi kengele ni saa moja na nusu.

Nitaepuka kuilinganisha kazi hii na kuchenjua dhahabu, ingawa kila aliyefika Buzwagi na kalamu amejaribiwa. Dhahabu haina aibu. Ukiipitisha kwenye karasha hailii, na ukiiacha wiki mbili bila kuisemesha haijifungui kwa hiari yake. Nilichokiona kinafanana zaidi na mtu anayemsubiri ndege atue: amekaa kimya, mtama uko ardhini, na hajamtazama ndege hata mara moja.

Saa mbili na robo alifunga swichi. Sauti zilikuwa 32. Aliyekosekana ni Njiwa, ambaye tangu Februari hajatuma ila dole gumba, na usiku ule hata hilo hakutuma. Sikuona mwalimu akimwandikia. Alifungua ukurasa wa Njiwa, akaandika tarehe, akaacha nafasi mbele yake, akahamia wa Tai na kuvaa iyafoni. Nilipoaga alikuwa amefika sauti ya tisa, usikilizaji wa pili, kalamu ya kijani mkononi. Bando la wiki ile alilinunua kwa fedha yake mwenyewe, kama la wiki iliyotangulia.